Kabla Chanjo Haijatufikia Sote

Wajukuu zangu, wengi wenu mlikuwa ndio kwanza mmeizoea njia ya kwenda shule pale serikali ilipozifunga shule zote, tarehe 17 Machi 2020. Siku moja kabla yake alikuwa ametangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Kwetu huku Nyakatuntu, mkoani Kagera, ugonjwa ulikuwa bado ni habari ya redioni, lakini kibuyu chirizi kilikuwa kimeshafika mlangoni.

Mnakikumbuka? Dumu la lita tano linatobolewa tundu dogo karibu na mdomo, linaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, kamba inashuka mpaka kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika, nawe unanawa bila kugusa kitu chochote. Sabuni nayo inatobolewa na kufungwa kamba pembeni. Hakikugharimu karibu chochote, na kilizuia magonjwa mengi zaidi ya hilo moja, kuhara kukiwamo.

Shule zilifunguliwa kwa awamu: kidato cha sita na vyuo tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Takwimu za mwisho zilikuwa zimetolewa kabla ya hapo, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kukawa kimya kirefu. Mwezi Juni Rais Magufuli alitangaza kwamba ugonjwa umeondoka nchini. Watu walishukuru, wakarudi sokoni, kanisani, msikitini na harusini kama zamani. Madumu yakakauka. Wakati huo hapakuwa na nchi iliyokuwa imeanza kuwachanja wananchi wake. Lakini kirusi hakikuwa kimeondoka. Mwanzoni mwa mwaka 2021 misiba ilifuatana, na mmoja wa waliofariki alikuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, tarehe 17 Februari. Chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ameambukizwa korona.

Chanjo zilitufikia Julai 24 mwaka huohuo wa 2021, dozi 1,058,400 kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera, ili kila mtu aone. Ndipo likaja swali ambalo mmoja wenu aliniuliza, na ambalo hata watu wazima walikuwa wakiulizana kwenye bodaboda na kwenye foleni ya zahanati: "Babu, kama chanjo imeshafika, barakoa ya nini tena?"

Ni swali zuri, na nataka nilijibu polepole.

Kwanza, sindano haikupi kinga siku ileile unayochomwa. Inaufundisha mwili kukitambua kirusi ambacho bado haujawahi kukutana nacho, na mwili unahitaji muda kujifunza. Kwa ile chanjo ya Johnson & Johnson tuliyoletewa, ya dozi moja, kinga ilianza kuonekana baada ya kama wiki mbili na ikaendelea kupanda mpaka wiki ya nne. Chanjo nyingine zilihitaji sindano ya pili baada ya wiki kadhaa, halafu subira nyingine. Mtu anayetoka zahanati na pamba begani akaenda moja kwa moja kukumbatiana na watu mia msibani hana tofauti, kwa siku hiyo, na mtu asiyechanjwa.

Pili, fanyeni hesabu nami. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120. Gawanyeni kwa zile dozi za kwanza. Ni dozi moja kwa kila watu 58. Chukueni darasa lenye wanafunzi 58, la kawaida tu huku kwetu, wamebanana kwenye madawati: amechanjwa mmoja. Ndiyo maana waliwekwa mbele wahudumu wa afya, wenye umri wa zaidi ya miaka 50 na wenye magonjwa sugu kama kisukari na presha. Hawa 57 waliobaki walikuwa wanalindwa na nini? Na barakoa, na madirisha yaliyofunguliwa, na dumu la maji, na kuacha mikusanyiko isiyo ya lazima. Ukiviondoa hivyo siku chanjo inapotua uwanja wa ndege, umemwondolea ulinzi mtu ambaye chanjo haijamfikia.

Msidhani nazungumzia nchi zenye chanjo chache tu. Kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinafundisha bila kumtukana mtu, ni cha Ushelisheli, visiwa vilivyo ng'ambo huko katika Bahari ya Hindi, vyenye watu wasiozidi laki moja hivi. Walianza kuchanja Januari 2021, na Rais wao Wavel Ramkalawan alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Kufikia Mei, zaidi ya watu 60 kwa kila 100 walikuwa wamemaliza dozi zote. Hakuna nchi duniani iliyowafikia. Lakini wale watu wanaishi kwa utalii, na hoteli zilikuwa tupu. Basi tarehe 25 Machi, kabla kazi haijakamilika, waliwafungulia wageni kutoka karibu kila nchi, wenye cheti cha kipimo tu, bila karantini. Mwanzoni mwa Mei wagonjwa walikuwa wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Serikali ikafunga shule, ikasimamisha michezo, ikakataza familia za nyumba tofauti kutembeleana na ikaamuru baa zifungwe mapema.

Wapo waliokimbilia kusema, mnaona, chanjo haifai kitu. Hapana. Wizara yao ya afya ilieleza kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa wakiugua walikuwa wamechanjwa kikamilifu, lakini waliolazwa hospitali wengi mno walikuwa wale ambao hawakuchanjwa au hawakumaliza dozi. Chanjo ilikuwa inafanya kazi yake: ilizuia watu wasizidiwe. Haikuweza peke yake kukizuia kirusi kisipite kutoka pua hadi pua, hasa pale watu walipokwisha kuacha kila tahadhari kwa pamoja. Nao karibu 40 waliobaki katika kila 100 walikuwa wanatosha kabisa kwa kirusi kufanya karamu.

Ninyi watoto wa migombani mnalielewa hili kuliko mtoto wa mjini. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, wazee wenu walifundishwa kukata mgomba unaougua, kuondoa ua dume kwa mti wenye panda badala ya kisu, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba unaweza kubeba ugonjwa kwa muda mrefu majani yake yakiwa bado ya kijani. Mkulima anayeacha kuchoma panga kwa sababu hajaona jani lililonyauka kwa wiki mbili, analihamishia shamba zima ule ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na hatajua mpaka ndizi zianze kuiva kabla ya kukomaa na kuoza ndani.

Sasa sikilizeni jinsi kosa la kufungua mapema linavyosafiri. India ilianza kuchanja tarehe 16 Januari 2021. Februari wagonjwa walikuwa wamepungua sana, na Machi waziri wa afya wa huko alitamka kwamba janga linaelekea ukingoni. Mikutano ya kampeni ikajaa watu. Kwenye sikukuu ya Kumbh Mela, mamilioni walikwenda kuoga Mto Ganges huko Haridwar. Kufikia mwisho wa Aprili waliomaliza dozi hawakufika 3 kwa kila 100, na siku ya kwanza ya Mei zilitangazwa taarifa za wagonjwa wapya zaidi ya 400,000 kwa siku moja. Watu walikuwa wakitafuta mitungi ya oksijeni barabarani. Kirusi aina ya Delta, kilichogunduliwa hukohuko, kilikuwa kinaambukiza kwa kasi kuliko vya awali.

Na kosa hilo halikuishia huko. Chanjo nyingi za AstraZeneca zilizokuwa zikija Afrika kupitia COVAX zilitengenezwa na kampuni ya Serum Institute, mjini Pune, India. Nchi ile ilipoanza kuungua, ilizishikilia chanjo zake kwa ajili ya watu wake. Uganda, majirani zetu wa ng'ambo ya Mto Kagera, ilikuwa imepokea dozi 864,000 mwezi Machi. Shehena zilizotarajiwa kufuata zikachelewa, lakini Delta haikuchelewa. Juni 2021 hospitali za Kampala zilijaa. Rais Museveni alifunga tena shule tarehe 7 Juni, na tarehe 18 akafunga karibu kila kitu kwa siku 42.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mwenye kulipa gharama alikuwa mtoto kama wewe. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, zikafunguliwa kidogokidogo, darasa kwa darasa, kisha zikafungwa tena. Zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Kuna wasichana waliorudi na watoto mgongoni, na wengine hawakurudi. Kuna wavulana waliokwenda machimboni na mashambani wakaionja pesa, daftari likasahaulika. Mimi siamini kwamba kufunga shule kwa muda mrefu namna ile kulikuwa sahihi, na sitawafundisha kupenda kufungiwa. Ninachokichukia ni kufungwa mara ya pili. Ule mlango unaofunguliwa kwa pupa, siku ya kufungwa tena hufungwa kwa hofu, na hofu haijui kipimo. Ukiondoa tahadhari nyepesi kwanza, zile za barakoa na maji na madirisha, unajikuta huna kilichobaki ila kufuli.

Basi nani aseme sasa imetosha? Mkoa wetu wa Kagera umewahi kulijibu swali hilo vizuri. Tarehe 21 Machi 2023 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6. Hapakuwa na chanjo. Waliokutana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja, watu 212, wakafuatiliwa kwa siku 21 kila mmoja, kwa kuwa huo ndio muda mrefu zaidi ambao ugonjwa huo unaweza kujificha mwilini kabla ya dalili. Hata baada ya mgonjwa wa mwisho kupona hakuna aliyepiga vigelegele. Zilihesabiwa siku 42, yaani 21 mara mbili, ili kama kuna mtu mmoja aliyesahaulika, ajitokeze. Hakujitokeza. Tarehe 2 Juni ndipo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Na mwaka uliofuata majirani zetu wa upande wa magharibi, Rwanda, walipata mtihani huohuo wakiwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Walitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Siku tisa baadaye, tarehe 6 Oktoba, walianza kuwachanja wahudumu kwa chanjo ya majaribio kutoka Taasisi ya Sabin ya Marekani. Kasi hiyo si ya kawaida katika historia ya milipuko. Wangeweza kusema chanjo imekuja, turudi tulivyokuwa.

Hawakusema hivyo. Sindano ziliendelea kuchomwa huku wagonjwa wakikatazwa kutembelewa hospitalini, mazishi yakiwekewa ukomo wa watu, na waliokutana na wagonjwa wakipigiwa simu kila siku kuulizwa kama wana homa. Mgonjwa mpya wa mwisho alipatikana Oktoba 30, na wa mwisho kuruhusiwa kutoka wodini aliondoka Novemba 8. Kesho yake wakaanza kuhesabu kuanzia moja. Noeli ilikuwa inakaribia, na kila familia ilikuwa na safari yake. Tarehe 20 Desemba, siku ya 42, Wizara yao ya Afya na Shirika la Afya Duniani wakatangaza mwisho: wagonjwa 66, vifo 15. Katika ugonjwa ambao mara nyingi huua nusu ya wanaoupata au zaidi, 51 walikuwa wamerudi nyumbani.