Panya shamba waliounganisha Morogoro na Antwerp

MKULIMA wa mahindi huijua hasara ya panya siku chache tu baada ya kupanda. Mistari ina mapengo, udongo umefukuliwa, na mbegu aliyoinunua kwa fedha taslimu imeishia tumboni mwa mnyama. Inabidi anunue tena na arudie kupanda, wakati mvua haimsubiri.

Makadirio ya watafiti kwa Tanzania yanaonyesha kuwa panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kwa mwaka. Kwa aliyetarajia magunia 20, asilimia 15 ni magunia matatu. Ni ada ya mtoto hiyo.

Panya huyo ndiye aliyevikutanisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, katika ushirikiano ulioanza miaka ya 1980. Antwerp ni mji wa bandari, na panya shamba, ambaye kitaalamu huitwa Mastomys natalensis, hayupo Ulaya. Wabelgiji walikuwa na maabara na wataalamu wa hesabu za wanyama. Morogoro ilikuwa na mashamba, panya wenyewe, na watu wanaoyajua mazingira yake. Mfanyabiashara yeyote anaelewa biashara ya namna hiyo: kila mmoja analeta kile ambacho mwenzake hana.

Wanafunzi walianza kupishana. Mmoja wa vijana waliotoka Antwerp, Herwig Leirs, aliandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu panya shamba wa Morogoro, na baadaye akawa profesa katika chuo chake. Watanzania nao walikwenda kusoma Ubelgiji wakiwa na takwimu za kwao mkononi, jambo ambalo si kila anayekwenda masomoni Ulaya hulipata.

Kazi yenyewe haina urembo. Mwaka 1994 watafiti walitenga eneo la hekta tatu mjini Morogoro na kuweka mitego 300, ambayo chambo chake ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Kila mwezi, kwa usiku tatu mfululizo, mitego hutegwa. Panya anayenaswa hupimwa uzito, huwekewa alama na kuachiwa. Mwezi unaofuata wanaangalia nani amerudi, nani ni mgeni na nani hajaonekana tena.

Kutokana na kazi ya aina hiyo, iliyokuwa imeanza hata kabla ya mitego ya 1994, likapatikana jibu ambalo wakulima wengi walilihisi bila kulithibitisha. Siri iko kwenye mvua za vuli. Kwa kawaida panya shamba huzaa masika, na watoto wao husubiri hadi mwaka unaofuata ndipo nao wazae. Vuli ikinyesha sana, kuzaliana huanza mapema, na watoto wa kwanza huzaa mwaka huohuo. Jike moja huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo, kwa hiyo panya waliokuwa makumi machache kwa hekta hufikia mamia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na mwaka 1997 uchambuzi mwingine wa panya haohao ukatoka katika jarida la Nature, ambapo watafiti wa Norway na Marekani walishiriki.

Maana yake kwa mwenye shamba ni kubwa. Mlipuko wa panya unaweza kuonekana miezi kadhaa kabla haujafika. Wengi hukimbilia dukani kununua sumu baada ya miche kuliwa, wakati hasara kubwa imeshapita. Tena zile sumu kali zinazoua papo hapo zina udhaifu wake: panya akionja kidogo, akaugua bila kufa, hazigusi tena. Fedha imetupwa.

Dawa inayofaa zaidi ni kuanza kabla ya kupanda, na kuanza pamoja. Anayetega peke yake hulisafishia panya wa jirani njia, kwani shamba lililobaki wazi hujazwa upya na waliotoka ng'ambo ya mpaka. Kijiji kikitega kwa pamoja, kikafyeka vichaka vya pembezoni na kupanda kwa wakati mmoja, panya hawapati shamba la kuhamia.

Ushirikiano huo umezaa na mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji, lilihamishia kazi zake SUA na kuanza kufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Baadaye wakafundishwa kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020, kabla ya kufa Januari 2022. SUA pia ilipata kituo cha umahiri cha utafiti wa panya kupitia mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2016, na wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika wakaja Morogoro kusoma.

Vyuo vinavyotiana saini na wenzao wa nje ni vingi, na picha za kupeana mikono hazikosekani. Lakini fedha za wafadhili huja kwa mradi wa miaka mitatu au mitano, na panya hawafuati kalenda ya mradi. Thamani ya mitego ya Morogoro ni kwamba haikung'olewa mradi mmoja ulipokwisha.

Kasoro iko upande wa pili. Jarida la Nature halifiki Kilosa, wala halikuandikwa kwa Kiswahili. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala yake, si kwa idadi ya wakulima waliookoa mbegu, na bwana shamba mwenye vijiji kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta hawezi kuziba pengo hilo peke yake.

Mkulima naye anaweza kuwafuata. Mwezi Agosti, wakati wa maonyesho ya Nane Nane mjini Morogoro, idadi ya panya huwa inapanda na mbegu za vuli bado hazijaingia ardhini. Ndio wakati wa kufika kwenye banda la SUA na kuuliza mitego inaonyesha nini mwaka huu.