Tanga Sawa, Mlingoti Sawa: Kanuni za Vifaa katika Mbio za Mashua

Katika mbio za mashua za muundo mmoja, vyombo vyote huundwa kwa ramani ile ile, kwa uzito ule ule na kwa tanga la kipimo kimoja. Anayetangulia kumaliza ndiye mshindi, bila hesabu za kufidiana muda. Utaratibu huu ulianza Ireland mwaka 1887 kwa mashua ndogo za Water Wag, katika bandari ya Kingstown ambayo leo inaitwa Dún Laoghaire. Kabla ya hapo, tajiri aliyeagiza chombo chepesi zaidi kila msimu aliwaacha wenzake nyuma, na chombo cha mwaka juzi kikabaki bila thamani.

Kanuni za vifaa huandikwa kwa namna mbili. Zilizo wazi huruhusu kila kisichokatazwa. Zilizofungwa hukataza kila kisichoruhusiwa kwa maandishi. Mfano mashuhuri wa zilizofungwa ni ILCA, mashua ya mtu mmoja iliyojulikana zamani kama Laser. Ilibuniwa na Bruce Kirby wa Kanada, ikazinduliwa mwaka 1971 na kuingia Olimpiki mwaka 1996. Ina urefu wa mita 4.2, na bodi yake ina uzito wa kilo 59 hivi. Mwenye mashua anaweza kuchagua makapi na kamba kwa mipaka iliyowekwa, basi. Kupiga bodi msasa ili iwe nyepesi au iteleze kuliko ilivyotoka kiwandani ni kosa. Tanga lazima litoke kwa mtengenezaji aliyeidhinishwa; linalofanana nalo na kuuzwa kwa bei nafuu linafaa kwa mazoezi tu. Baharia mwepesi hakusahauliwa: bodi ni ile ile, lakini hubadilishiwa kipande cha chini cha mlingoti na kupewa tanga dogo, la mita za mraba 5.76 au 4.7 badala ya 7.06.

Finn, iliyoshindaniwa katika Olimpiki kuanzia 1952 hadi michezo ya Tokyo, ilifuata njia nyingine. Waundaji walikuwa wengi, na kila chombo kilipimwa kwa mkono. Hapo ndipo ujanja ulipopenya. Bodi mbili zinaweza kulingana uzito kwenye mizani, lakini ile ambayo uzito wake umerundikwa katikati, omo na shetri zikiwa nyepesi, haipigi mbizi sana kwenye mawimbi na hukimbia zaidi ikienda joshi. Mizani haiwezi kuligundua hilo. Mfaransa Gilbert Lamboley alipata dawa yake: bodi hutundikwa, ikabembezwa, na muda wa kila mbembeo ukahesabiwa. Yenye ncha nyepesi hubembea haraka, nayo hunaswa. Ni kipimo rahisi kuliko werevu wote uliotumika kukwepa mizani.

Hata mwili wa baharia una sheria yake. Zamani wengine walivaa fulana zilizojazwa maji ili wapate uzito wa kuikalia mashua inapolalia upande mmoja, na migongo ikaumia. Leo nguo na vifaa vya kuvaa, vikiisha kuloweshwa na kuachwa vichuruzike, kwa kawaida havipaswi kuzidi kilo 8.

Kabla ya mashindano makubwa wakaguzi hupima vifaa na kuvitia alama, na kifaa kilichoharibika hakibadilishwi bila idhini yao. Katika Olimpiki mabaharia wa ILCA hupewa mashua na waandaaji, ili mtu asije na chombo alichokichagua kati ya kumi.

Usawa huo nao una gharama zake. Kanuni zilizofungwa hulinda mfuko wa baharia mpaka pale muuzaji anapobaki mmoja katika eneo zima. Hapo bei ya tanga la kitambaa cha kawaida hupanda, na mnunuzi hana pa kwenda. Mwaka 2019 chama cha mabaharia wa Laser kilimwondolea idhini mwundaji mmoja mkubwa baada ya mvutano kuhusu ukaguzi wa kiwanda chake. Kwa kuwa jina Laser lilikuwa mali yake kibiashara katika nchi nyingi, chama kilibadili jina la mashua. Shirikisho la kimataifa, World Sailing, nalo lilitaka milango ya uundaji ifunguliwe kabla ya michezo ya Paris 2024. Mashua ya Kirby sasa inaundwa na viwanda kadhaa vilivyoidhinishwa, kwa jina la ILCA.