Jumba la Sinema na Masimulizi ya Kiswahili katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya sinema nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kutoka pwani. Msomaji hukutana kwanza na Royal ya Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1921 kwa ramani ya J. H. Sinclair, likaitwa baadaye Majestic, likaungua mwaka 1954 na kujengwa upya mwaka uliofuata. Kisha huvushwa hadi Dar es Salaam, penye Empire, Avalon na Odeon. Miji ya bara, Iringa na Mbeya ikiwemo, aghalabu hutajwa mwishoni. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018, Reel Pleasures, ameupanua sana uwanja huo kwa kuyatazama majumba ya mijini kote nchini. Hata hivyo, kwa mtafiti wa Kiswahili liko suala jingine ambalo miji ya nyanda za juu hulionyesha waziwazi kuliko pwani. Mtazamaji aliyeketi Mbeya mbele ya filamu ya Kihindi hakuielewa lugha ya filamu ile, na huenda jirani yake hakuijua lugha ya nyumbani kwake. Kiswahili kilichowaunganisha hakikutoka kwenye kiwambo, bali vitini.

Miji hii miwili haikuzaliwa kwa namna moja. Iringa ilikua kutokana na ngome ya Wajerumani iliyowekwa baada ya kuanguka kwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, mwaka 1894. Mbeya ni changa zaidi. Ilipanuka miaka ya 1920 na 1930, wakati dhahabu ya Lupa ilipowavuta vibarua na wachuuzi kutoka kila upande. Yote miwili ilikuwa vituo vya barabara kuu iliyotoka Rhodesia ya Kaskazini kupitia Tunduma kuelekea Dodoma na Arusha, na yote miwili ina eneo liitwalo Uhindini, mtaa wa maduka. Mhehe, Mbena, Msafwa na Mnyakyusa walikutana madukani na wafanyabiashara wa Kigujarati, na hapo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya bei. Sinema ilikipa kazi nyingine.

Kazi hiyo ilitegemea magurudumu. Filamu ya milimita 35 yenye urefu wa saa tatu, kama zilivyokuwa nyingi za Kihindi, hujaza takriban reli tisa kubwa, kila moja ya dakika ishirini na kitu. Mzigo huo wa makopo ya chuma ulipaswa kupanda kutoka pwani kwa gari, kupita Morogoro na kuukwea mlima wa Kitonga, katika barabara ambayo haikupata lami yote hadi miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo filamu ilifika nyanda za juu ikiwa imechelewa na imekwaruzika. Ilifika pia ikiwa imetanguliwa na sifa zake, kwani abiria na madereva waliokwisha kuiona Dar es Salaam walikuwa wameanza kuisimulia njiani.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mashaka na masimulizi hayo. Bodi za ukaguzi zilipima filamu zipi Waafrika waruhusiwe kutazama. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, ulitengeneza picha za kufundisha kilimo, afya na uwekaji akiba, zikazungushwa kwa lori Afrika ya Mashariki na ya Kati. Miaka ya mwanzo ya 1950 zilifuata hadithi za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Mfaume Kawawa, Waziri Mkuu wa baadaye, aliigiza. Ni jambo la kutafakari kwamba filamu zilizotengenezwa makusudi ili zieleweke hazikushika mioyo ya watu kama zile zisizoeleweka hata neno moja.

Sababu yaweza kutafutwa katika fasihi simulizi. Filamu iliyojieleza yenyewe haikumwachia fanani nafasi. Ile ya Kihindi ilimwachia nafasi tele. Aliyeokota maneno machache ya Kihindi dukani alimnong'oneza aliye kando. Wa kando aliongeza la kwake. Na kesho yake aliyekuwa na nauli na kiingilio aliwatambia wenzake waliokosa. Mother India ya mwaka 1957, yenye mkulima aliyeachwa na mumewe, mkopeshaji mnyonyaji, mafuriko na mama anayempiga risasi mwanawe mwenyewe, haikuhitaji mkalimani mkubwa kwa watu waliojua mvua na deni. Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 ni ugomvi wa mfalme na mwanawe juu ya msichana mchezaji ngoma. Kisa cha mtawala na mrithi mkaidi hakikuwa kigeni kwa wajukuu wa watemi. Nyimbo ndizo zilizomtia fanani majaribuni. Wengine waliziruka, wengine walizihifadhi kwa sauti na kuzitungia maneno.

Katika masimulizi hayo lilikomaa neno steringi. Asili yake ni maandishi ya Kiingereza katika matangazo ya filamu, lakini katika Kiswahili likawa jina la shujaa mkuu, likaambatana na kanuni: steringi hafi. Kanuni hii ilitumika kama ilivyo kanuni ya ngano kwamba sungura hashindwi kirahisi. Ndiyo maana Sholay ya mwaka 1975, ambamo mmoja wa mashujaa wawili anauawa, ilizua mjadala wa kweli wa kifasihi: je, aliyekufa alikuwa steringi, au steringi ni yule aliyebaki? Mjadala wa namna hiyo, uliofanyika barazani na bila mwalimu, unastahili nafasi katika historia ya uhakiki wa Kiswahili.

Kuporomoka kwa majumba kulikuwa na sababu kadhaa zilizofuatana. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilipewa dhima ya kuingiza na kusambaza filamu. Aprili 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilihamishia mengi chini ya Msajili wa Majumba, na wafanyabiashara wengi wenye asili ya Asia wakaondoka nchini. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilipungua, kukawa na uhaba wa filamu mpya na wa vipuri vya mitambo. Video ilipoenea katikati ya miaka ya 1980, na televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, viti vilikuwa vimekwisha kupungua watu. Kote nchini majengo mengi ya aina hiyo yaligeuzwa ghala, ofisi, kumbi za mikutano au nyumba za ibada. Majestic ya Zanzibar imepata watetezi wanaotaka ifufuliwe. Majumba ya miji midogo ya bara hayakubahatika hivyo.

Lakini fanani hakutaifishwa. Katika vibanda vya video alitoka gizani akashika kipaza sauti, akawa anaifasiri filamu ya Kimarekani, Kichina au Kihindi kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji, akiongeza utani na majina ya mitaa inayojulikana. Baadaye tafsiri hizo zilirekodiwa na kuuzwa. Mara nyingi jambo hili huelezwa kama ubunifu wa miaka ya 1990 na 2000, nalo kwa upande wa mitambo ni kweli. Kwa upande wa sanaa, mnong'ono wa vitini ulikuwa umelitangulia kwa miongo kadhaa.

Dalili zake zimo katika mazungumzo ya kila siku. Ugomvi wa barabarani unaokusanya watu huitwa sinema ya bure. Anayejifanya kuzimia huambiwa aache sinema. Na kijana anayetaka kuwasimulia wenzake kisa kilichomkuta, hata kama hajaingia katika jumba la sinema maishani mwake, hufungua kwa maneno mawili yanayofanya kazi ya “paukwa”: picha linaanza.