Haguro: Mlima unaopandwa kwa sanda

Anayekwenda kuhiji Mlima Haguro, mkoani Yamagata kaskazini mwa Japani, huanza kwa kushuka. Ukishapita lango la Zuishinmon, ngazi za mawe zinakuteremsha hadi daraja jekundu la mto Haraigawa. Zamani mahujaji walioga humo kwanza, ndipo wakaanza kupanda. Ngazi zote ni 2,446.

Kwa kimo, Haguro ni kilima tu: mita 414. Ila ngazi zake zinapita katikati ya mierezi ya mamia ya miaka, na mmojawapo, unaoitwa Babu, unasemekana kupita miaka 1,000. Palikuwa na Bibi kando yake; tufani ilimwangusha.

Karibu na Babu umesimama mnara wa mbao wa ghorofa tano. Huo ni wa Kibudha. Katika mlima wa Kishinto? Ndiyo, kwa kuwa kwa karne nyingi dini hizo mbili ziliishi hapa kama chanda na pete, mpaka mwaka 1868 serikali ya Meiji ilipoamuru zitenganishwe. Majengo mengi ya Kibudha yakabomolewa. Mnara ukanusurika.

Wacha Mungu wa milimani, yamabushi, bado wapo. Mavazi yao ni meupe, na weupe huo ni wa sanda: aliyeyavaa anahesabiwa kuwa ameshakufa. Safari yao ni ya milima mitatu: Haguro ni dunia hii tuliyomo, Gassan (mita 1,984) ni ya wafu, Yudono ni ya kuzaliwa upya. Kiongozi akiamuru lolote, jibu ni moja, “uketamo”, yaani nimepokea. Hakuna kuuliza kwa nini.

Kileleni, hekalu moja lenye paa la nyasi nene kupita kimo cha mtu linahifadhi miungu ya milima yote mitatu, kwa sababu theluji hufunga njia za ile miwili mingine. Unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Basi nalo linafika huku juu, lakini kwa maoni yangu, wa basi ameona paa tu.

Yudono hakuna hata jengo la ibada. Unavua viatu, hupigi picha, na ukirudi husimulii ulichokiona. Mshairi Basho alifika mwaka 1689, naye akaandika kwamba kalamu yake ingeishia hapo.