Bei Imeshuka, Spea Hazijashuka

Mwezi uliopita nilisimama kwenye yadi moja ya magari Dar es Salaam mbele ya Mazda RX-8 nyekundu, namba C, milango yake midogo ya nyuma ikifunguka kuelekea nyuma kama ya kabati. Bei aliyoitaja dalali ilikaribiana na ya Toyota IST iliyoegeshwa ubavuni mwake. "Hii spoti kabisa, bosi, kwa hela ya gari ya kwenda sokoni," aliniambia. Kuhusu bei alisema kweli. Mpwa wangu niliyekuwa naye alishaanza kupiga hesabu za mkopo wa SACCOS. "Mjomba, hii tukiiacha leo kesho haipo," akasema. Tuliiacha, na tulipopita wiki mbili baadaye ilikuwa palepale.

Kwamba haikununuliwa haikunishangaza. IST inatafutwa na mwalimu, na mama mwenye watoto wawili wa shule, na kijana anayetaka kubeba abiria. Gari la spoti lililozeeka lina wateja wachache: liko chini, matuta yanalikwaruza, viti vya nyuma ni vya kubanana, na linakunywa mafuta. Kwa hiyo kila herufi mpya ya usajili inapotoka, thamani yake hupungua kwa hatua ndefu kuliko ya gari la familia. Ila kinachoshuka ni bei ya gari zima. Tairi zake pana, koili, klachi na rejeta bado zinauzwa kama za gari lililokuwa ghali siku lilipotoka kiwandani. Hapo ndipo mnunuzi anapoumia, na ndipo ulinganisho unapopaswa kuanzia.

Nianze na hiyo RX-8, kwa kuwa ndiyo inayowashawishi wengi. Ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, na injini yake haina pistoni. Ndani kuna rota mbili za pembetatu zilizotuna pande, zinazozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai. Ujazo ni lita 1.3 tu, lakini toleo kali la Japani lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 250, na mshale wake hupanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Injini hiyo ilichaguliwa kuwa Injini Bora ya Mwaka kimataifa 2003, na ni ya ukoo uleule ulioipa Mazda ushindi wa saa 24 za Le Mans mwaka 1991. Ukiiendesha ikiwa nzima unaelewa mara moja kwa nini watu wanaipenda. Inapanda laini, bila mtetemo, kama cherehani.

Lakini ncha za rota hizo zina sili nyembamba zinazosugua ukuta wa injini muda wote. Ili zisikauke, injini imeundwa kuchoma oili kidogo kidogo kwa makusudi. Asiyefungua boneti kupima oili angalau kila anapojaza tangi mara ya pili anaiua polepole bila kujua. Koili zikichoka, petroli isiyoungua hukimbilia kwenye mfumo wa moshi na kuharibu huko pia. Na ukiiwasha asubuhi kuisogeza mita tano tu kisha ukaizima ikiwa bado baridi, plagi hulowa petroli na gari likagoma kuwaka. Huko Marekani, Mazda yenyewe iliirefusha dhamana ya kiini cha injini kwa magari ya miaka ya mwanzo hadi miaka 8 au maili 100,000. Kwetu dhamana hiyo haipo, na fundi aliyewahi kufungua injini ya rota ni wa kutafuta kwa tochi. Sili zikiisha, jawabu huwa kujenga injini upya au kununua iliyotumika, ambayo nayo hujui imebakiza nini.

Nilimpigia mpwa wangu hesabu ya mafuta tu, kilomita 1,000 kwa mwezi katika foleni zetu, lita moja tukiifanya shilingi 3,000. (EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka ya mwezi wako.) RX-8 ikienda kilomita 6 kwa lita, ni karibu shilingi 500,000. Toyota Altezza ya silinda sita, kwa kilomita 9, ni kama 333,000. IST kwa kilomita 14 inaishia kama 214,000. Tofauti ya ya kwanza na ya mwisho kwa mwaka inakaribia milioni 3 na nusu, na hapo hatujagusa oili wala tairi.

Altezza ndiyo ningemshauri, lakini kwa sharti moja ambalo madalali hawalitaji. Kuna Altezza mbili zinazofanana kwa nje. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, lita 2, ileile iliyowekwa kwenye Mark II na Crown za enzi yake. Spea zake Kariakoo si za kuagiza, na fundi wa Gerezani anaifungua akiwa anazungumza na simu. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, iliyotangazwa kuwa na farasi 210 ikiwa na gia za mkono. Inakimbia kweli, lakini vipuri vyake vya ndani ni adimu, na wengi waliozinunua mwanzoni walizinunua ili wazikamue. Zote mbili zilitoka kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo zote ni wazee. Tofauti ni kwamba mzee mmoja ana ndugu wengi mjini wa kumchangia. Kwangu hiki ni kipimo kikubwa kuliko farasi: ni magari mangapi ya kawaida yanayotumia spea hizohizo?

Kwa kipimo hicho Subaru Impreza WRX nayo inafaulu, hasa kwa msomaji wa Nairobi. Injini yake ya EJ20 ina ndugu kwenye Forester na Legacy, na Kirinyaga Road hukosi cha kufunga. Bei yake haishuki ovyo, kwa sababu mapenzi ya Wakenya kwa gari hili yana mizizi: Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza 1997, Richard Burns akarudia 2000, na mashindano hayo yaliporudi kwenye ratiba ya dunia 2021, Subaru nyingi zilikuwa barabarani kuelekea Naivasha. Utalipa zaidi mwanzoni, na siku ya kuuza utapata mtu. Ogopa tu ile iliyoongezwa presha ya turbo na mmiliki wa awali. Uliza pia mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwa kuwa ukikatika valvu hugonga pistoni. Hakuna risiti? Uhesabu kama haujabadilishwa.

Wengine huniambia waagize moja kwa moja Japani, ambako magari haya ni rahisi. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mlango huo umefungwa kwa yote niliyoyataja. Tanzania inaruhusu, ila gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya umri, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ule wa ukubwa wa injini, na VAT ya asilimia 18. Ukizijumlisha, kodi zinakaribia thamani yote ya gari likifika bandarini, na thamani hiyo mamlaka ya mapato, TRA, huikadiria kwa orodha yake. Unafuu wa Japani unaishia getini.

Na habari ya kwamba litapanda bei likiwa la kale? Supra iliyotumika kwenye filamu za Fast and Furious iliuzwa dola 550,000 Marekani mwaka 2021, na Skyline GT-R zilipanda kila zilipotimiza miaka 25 na kuruhusiwa kuingia nchini humo. Soko hilo linalipia gari lisiloguswa, lenye historia kwenye karatasi. RX-8 ya yadini, iliyopakwa rangi mara mbili, haimo.

Mpwa wangu bado anaitamani, nami simlaumu. Tumekubaliana kwamba akirudi pale ataiendesha dakika 20 mpaka ipate moto, aizime, asubiri dakika 5, kisha awashe tena. Sili zikiwa zimechoka, itazungusha stata kwa muda mrefu kabla ya kushika, au haitashika kabisa. Jana alimpigia dalali kuomba jaribio hilo. Dalali alimjibu kwamba betri imeshuka, aje wiki ijayo.