Baga ya maharagwe isiyosumbua tumbo: Namna ya kuiandaa nyumbani

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayeingia Kitengela kwa barabara ya Namanga hupokelewa na moshi wa nyama choma. Huu ni mji ulio katika kaunti ya wafugaji, na anayezungumzia baga isiyo na nyama huenda akachekwa.

Hata hivyo, zipo sababu za kuifikiria baga hiyo. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi Kajiado, na nyama si kitoweo cha kila siku katika nyumba nyingi. Aidha, Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliorodhesha nyama zilizosindikwa, kama vile soseji na bekoni, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana.

Wanaojaribu kula maharagwe badala ya nyama mara nyingi hulalamika kwamba tumbo hujaa gesi na kunguruma usiku kucha. Wengine hukata tamaa baada ya mlo mmoja. Aghalabu tatizo hilo hutokana na upishi wa haraka na ulaji wa pupa.

Mahitaji ya baga hii hayatoki mbali. Rombo ya Kajiado, iliyo kusini mwa kaunti karibu na mpaka wa Tanzania, hupata maji yanayotiririka kutoka Mlima Kilimanjaro. Wakulima wa huko huyatumia kunyunyizia mashamba ya maharagwe, nyanya na vitunguu.

Kwa nini maharagwe huleta gesi? Yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzivunja. Hufika zikiwa nzima katika utumbo mpana, na bakteria waishio humo huzichachusha na kutoa gesi.

Lakini bakteria hao hao hula pia ufumwele, yaani nyuzinyuzi za vyakula vya mimea, na kutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana. Kwa hivyo, gesi kidogo si ugonjwa. Ni dalili kwamba bakteria hao wako kazini.

Umuhimu wa ufumwele ulitambuliwa kwa sehemu kubwa na madaktari waliofanya kazi hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyehudumu katika hospitali ya Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960, na mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, waliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyoenea Ulaya yalikuwa nadra miongoni mwa watu wa mashambani waliokula vyakula visivyokobolewa. Katika miaka ya 1970 waliutangazia ulimwengu wazo hilo.

Leo WHO inapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za ufumwele kila siku. Baga moja ya aina tunayoieleza hapa ina takriban gramu 6, kabla ya kuhesabu mkate na mboga.

Kwa baga sita, tayarisha kikombe kimoja cha maharagwe makavu, kiazi kitamu kimoja cha wastani kilichochemshwa, karoti moja iliyokwaruzwa, nusu kikombe cha unga wa wimbi, dania, tangawizi, bizari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Chagua maharagwe, yaoshe, kisha yaroweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, kwa kuwa yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi. Suuza na utie maji mapya.

Hatua inayofuata haifai kufanyiwa mzaha. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huleta kutapika na kuhara yakiliwa yakiwa hayajaiva. Yachemshe kwa moto mkali, maji yakitokota, kwa dakika 30, kisha upunguze moto hadi yaive na kulainika kabisa.

Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa au gesi wasiyatie humo kabla ya dakika hizo 30 kutimia. Joto la chini haliiangamizi sumu hiyo.

Wapo wanaoharakisha maharagwe kwa magadi, yale ambayo kaunti hii inayachimba katika Ziwa Magadi. Ni kweli kwamba magadi hulainisha, ila huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu mwilini. Aliyeroweka maharagwe yake vyema hana haja nayo.

Yakishaiva, yachuje na kuyaacha yapoe. Yaponde pamoja na kiazi kwa mwiko, ukibakisha punje chache ili baga isiwe kama uji. Kaanga unga wa wimbi bila mafuta hadi unukie, kisha uchanganye na vitu vyote vilivyosalia. Mchanganyiko ukishikana, finyanga madonge sita bapa na uyaache kwa nusu saa.

Pasha kikaango mafuta kidogo na uyapike kwa moto wa wastani, dakika tano kila upande. Yaweke ndani ya skonzi za unga wa ngano isiyokobolewa, au katika chapati ya unga wa atta, pamoja na kachumbari ya nyanya na kabeji. Vitamini C ya nyanya husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe. Chai ya majani nayo huzuia kazi hiyo, hivyo isubiri saa moja baada ya mlo.

Vitunguu maji na vitunguu saumu vina sukari nyingine inayochachuka tumboni. Anayedhurika navyo atumie majani mabichi ya kitunguu, ambayo huleta ladha bila usumbufu mwingi.

Asiyezoea maharagwe aanze na nusu baga mara mbili kwa wiki, anywe maji ya kutosha, kisha aongeze polepole. Haba na haba hujaza kibaba, na bakteria wa tumboni pia huhitaji muda wa kuzoea. Aliyeacha kabisa vyakula vya wanyama akumbuke kutafuta vitamini B12 kwingine, kwani maharagwe hayana.

Hata hivyo, maumivu makali yasiyokoma, damu katika choo au kupungua uzani bila sababu si mambo ya kulaumu maharagwe. Mwenye dalili hizo amwone daktari bila kuchelewa.