Kununua Simiti: Tuulize Kabla ya Kulipa



Pesa ya kikundi ikishatosha kujenga stoo ama nyumba ya kuku, swali la kwanza kwa fundi huwa, "Mifuko mingapi ya simiti?" Tunawaomba muulize pia: simiti ya aina gani?

Sisi wa Kinanie ni majirani wa viwanda vya simiti vya Athi River. Simiti huanza na mawe ya chokaa yanayochomwa pamoja na udongo hadi joto la kama nyuzi 1,450, yakatoka madonge yaitwayo klinka, ndiyo husagwa. Ajabu ni kwamba zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka hapo haitokani na moto. Hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Hewa hiyo ndiyo inayozidisha joto la dunia, na hapa Ukambani hakuna anayehitaji kuelezwa ukame ni nini.

Basi someni maandishi ya mfuko. CEM I 42.5 ni karibu klinka tupu, asilimia 95 au zaidi. CEM IV/B 32.5 ina pozolana asilimia 36 hadi 55, yaani mawe ya volkano yaliyosagwa bila kufanywa klinka. Hii ya pili kwa kawaida ni nafuu, na kwa kujengea ukuta na kupiga plasta inatosha kabisa. Ile ya 42.5 iwekeni kwa nguzo na slabu. Hapo msibane pesa hata kidogo, slabu ikianguka inaua. Tena simiti ya pozolana hukomaa polepole, kwa hivyo mwagilieni maji siku 7 hadi 14. (Zamu ya maji isiwe ya akina mama peke yao!)

Matofali ya kuchoma kwa kuni hatuyapendi, tunasema wazi. Mawe ya kuchonga hayachomwi, na machimbo yakiwa karibu ni mazuri. Kuna pia matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, simiti yake ni asilimia 5 hadi 10 tu. Lakini udongo wetu mweusi wa tambarare haufai. Ukilowa unafura, ukikauka unapasuka. Itabidi mlete udongo mwekundu wenye mchanga, na gharama ya lori muihesabu kabla ya kukodi mashine. Upimeni kwanza: tengenezeni kisanduku cha sentimita 60 urefu, 4 upana na 4 kina, mkijaze udongo uliolowa, mkaushe. Ukisinyaa zaidi ya sentimita 5, achaneni nao.

Vikundi viwili vikijenga mwezi mmoja, agizeni lori moja lililojaa, kama mwethya. Ila msinunue simiti ya mwaka ujao, maana ikikaa zaidi ya miezi mitatu nguvu hupungua. Angalieni tarehe kwenye mfuko, na mipange juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.